Taa Nyekundu ya Chaja

Wakati wa msiba wa mume wangu nilipokea mikono ya watu na kusema ahsante. Nikiletewa chai nilikunywa, nikiambiwa nilale nililala. Wengine walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema Mungu amenijalia subira. Wote walikosea. Nilikuwa sisikii kitu, basi. Mguu ukiukalia muda mrefu unaugusa na unajua ni wako, lakini haukujibu. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Eda niliikaa nyumbani kwetu Mandewa, na mama mkwe wangu alikuja kutoka Issuna kukaa nami. Mjane akiwa katika eda hatoki ovyo. Dunia yangu ikawa chumba na ua: tangi la maji, kamba ya nguo, kuku wa jirani aliyejifanya wa kwetu, na gari.

Gari lenyewe ni dogo, la umeme, mtumba wa Japani. Mume wangu alipolileta, majirani walimuuliza akiishiwa njiani atachomeka kwenye mti gani. Walicheka mpaka walipoona sisi hatupangi foleni ya mafuta. Mimi nauza mafuta ya alizeti. Nayachukua kwa wakamuaji wa Iguguno na kuyasambaza kwenye maduka ya mjini, na yeye ndiye aliyekuwa akiyabeba kwa gari hilo; baada ya eda ningeyabeba mimi. Usafiri wa kukodi ungekula faida yote. Gari lingeondoka, biashara ingeondoka nalo, na sikuwa na kingine cha kulisha wanangu.

Mama mkwe hakutaka kuliona. Alikuwa akifunga mlango wa jiko ili lisimtazame, ndivyo alivyosema, kwamba gari linamtazama. Asubuhi moja baada ya chai akasema liuzwe. Mdogo wake mume wangu, anayelima huko Iguguno, alikuja akaunga mkono kwa adabu. Alinieleza kwamba gari la aina hii betri ikikaa tupu muda mrefu inakufa, halafu tutabaki na chuma chakavu uani. Tukakubaliana hivi: nikiweza kulichaji na kulitunza mwenyewe, libaki. Nikishindwa, atafute mnunuzi. Nilikubali kwa sauti ileile ambayo ningekubalia kuongezewa chai.

Chaja yetu ni ya kubeba. Upande mmoja ina plagi ya ukutani, katikati ina kiboksi chenye taa, na mwisho ina mdomo unaoingia kwenye gari. Mume wangu alikuwa mtu wa kuacha viatu popote, lakini kwa chaja alikuwa mkorofi. Aliweka soketi ya nje yenye kifuniko, juu, chini ya upenu, ikiwa na waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kubwa. Kiboksi alikitundika kivulini, kisilale chini wala kupigwa na jua. Waya alitaka unyooshwe wote, kwa sababu ukijikunja unapata moto. Alichomelesha kijumba cha nondo chenye kufuli kwa ajili ya kiboksi na plagi, maana kuna watu mjini hapa wakiona waya wanaona shaba ya kuuza. Na mtoto aliyekaribia na mikono ya maji alifukuzwa kama mbuzi. Yote hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia mpaka nikachoka.

Siku za msiba shemeji ndiye aliyechaji, na taa iliwaka kijani bila shida. Wageni walipoondoka wote, nikachomeka mimi. Taa ikawaka nyekundu. Nikachomoa, nikakausha mikono iliyokuwa mikavu tayari, nikachomeka tena. Nyekundu. Kesho yake nyekundu, na siku zilizofuata vilevile. Nilikuwa nasimama pale nikiitazama, na hata wasiwasi sikuupata. Nilijua tu kwamba betri inashuka na kwamba siku si nyingi gari litauzwa, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumanne.

Shemeji akarudi. Akaangalia plagi, akapiga kiboksi kwa kidole, akasema chaja inalalamikia waya wa kwenda ardhini. Halafu akasema hilo si tatizo. Kuna fundi kule kwao anayejua kuidanganya chaja: anaunga nyaya mbili ndani ya plagi, taa inageuka kijani, gari linajaa. Ameshawafanyia watu.

Hapo nikakasirika. Kilikuwa kitu cha kwanza kukisikia tangu msiba, na kilinishtua mimi mwenyewe.

"Shemeji," nikamwambia, "siku hitilafu ikitokea, umeme utakuwa kwenye bodi ya gari, huku taa ikiwa kijani. Wanangu ndio wanaoshika ile milango."

Hakubisha. Alisema basi atamuulizia mnunuzi mmoja anayemfahamu, tusije tukalaumiana baadaye. Aliniaga, akamuaga mama, akaondoka. Hasira nayo ikaondoka, nikabaki kama nilivyokuwa.

Nilichukua kigoda nikakaa kwenye kona ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye soketi, pale ule waya wa ardhini unaposhukia ukutani na kufungwa kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Ilikuwa kiangazi chetu cha upepo, udongo umekauka na kupasuka. Nilijiuliza kitu kimoja tu: wakati wa msiba taa ilikuwa kijani, kulikuwa na nini ambacho sasa hakipo? Kulikuwa na watu. Wanawake wa mtaani waliosha masufuria ya pilau kona ileile. Wanaume waliokuja kwenye dua walitawadha palepale.

Na kabla ya msiba? Kabla ya msiba alikuwepo yeye. Bafu lipo ndani, lakini udhu wake aliuchukulia nje kwenye kona ile, na birika la plastiki, kila sala iliyomkuta nyumbani. Nilimsema sana kwa lile tope. Alikuwa akicheka na kuniambia tope halina dhambi. Mpaka leo sijui kama alijua anachofanya au yalikuwa mazoea tu.

Nikampigia fundi umeme aliyefunga ile soketi. Akaniambia udongo wa huku ni wa mchanga na mawe, ukikauka sana umeme wa hitilafu haupati njia ya kuingia ardhini, na chaja inakataa kwa sababu inajali roho za watu. Nimwage maji ya kutosha pale kwenye nondo, mbali na soketi, plagi ikiwa imechomolewa. Yeye akipata nafasi atakuja kuongeza nondo nyingine ndefu zaidi, kisha apime na kifaa chake. Kuunga nyaya akasema nisithubutu, hata nikiambiwa na nani.

Nikachomoa, nikamwaga ndoo baada ya ndoo. Ardhi ilikunywa yote. Nikasubiri, nikafuta mikono kwenye kanga, nikachomeka. Taa ikawa kijani.

Mama alikuwa amefungua mlango wa jiko, amesimama pale. Akaniuliza kwa nini leo limekubali. Nikamweleza kama nilivyoelewa: kwamba waya unahitaji udongo wenye unyevu, na kwamba maji ya udhu wa mwanawe ndiyo yaliyokuwa yakiufikia siku zote. Alisema kitu kwa Kinyaturu, si kwangu, kisha akaja mpaka kwenye kona akautazama ule udongo uliolowa.

"Kaburini mimi sikufika," akasema. "Walikwenda wanaume. Niletee birika lake, adhuhuri imekaribia."

Nikachomoa kwanza kama fundi alivyosema, nikamletea. Akachutama kwenye kona ya nyumba, akanawa mikono, akasukutua, akaosha uso, polepole kuliko kawaida yake. Maji yalishuka kwenye viwiko vyake yakaingia ardhini. Alipomaliza miguu alibaki amechutama, kiganja kimelala kwenye lile tope, akaniambia nimpigie shemeji, nimwambie asitafute mnunuzi.

Nilipiga. Shemeji akapokea, akasalimia, na mimi sikuweza kujibu. Kilio kilinitoka kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikakaa chini palepale na simu sikioni. Nilimsikia akiita shemeji, shemeji, halafu akauliza kwa hofu ni nani amefariki.

"Kaka yako," nikamwambia. "Kaka yako amefariki."