Kochi la Mama Hanadi Lashuka Ngazi

Haji Mitwalli, mwenye karakana ya samani, alitoa agizo huku akichovya mkate kwenye bakuli la ful, maharage ya asubuhi, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi: kabla mwezi haujaisha, Ragheb apunguze watu wawili. Mbao za kutoka nje zilikuwa zimepanda bei mpaka zinanuswa tu, na mama wa mabibi harusi wa Damietta, ambao huko ndio hununua samani za ndoa, walikuwa wakifuta oda za seti za sebule mmoja baada ya mwingine.

Ragheb alikuwa amewasimamia mafundi sita wa karakana ile kwa miaka kumi na moja. Wawili hao aliwajua bila kuambiwa. Fikri mchongaji, maana pesa zikiadimika urembo ndio wa kwanza kukatwa. Na Bishoi, fundi wa vitambaa, kwa sababu ndiye aliyeajiriwa mwisho. Hakusema neno, lakini karakana haina siri: asubuhi ile Fikri alimletea chai, Bishoi naye chai, na kufika adhuhuri Ragheb alikuwa na glasi saba tumboni.

Ndipo akaingia Mama Hanadi, mteja aliyeagiza samani za harusi ya bintiye.

"Chumba cha kulala kibaki, fundi. Sebule futa. Baba Hanadi amebakiza figo tu za kuuza, nazo zina mawe."

Kichwani mwake Ragheb akawaona Fikri na Bishoi wakitoka mlangoni na masanduku yao ya zana. Ulimi ukamtangulia akili.

"Na ile sebule uliyoolewa nayo wewe?"

"Ipo chini ya mashuka. Ina miaka thelathini."

"Mbao kama zile leo huzipati hata kwa dawa! Tupe sisi. Fikri aichonge upya, Bishoi aivike kitambaa, Hanadi aolewe nayo."

"Wakwe wajue wameletewa makochi ya mama mtu? Watanisema mpaka kaburini!" Akatafuna mdomo. "Haya, mje Ijumaa asubuhi, watu wamelala. Jirani akiona hata mguu wa kiti, mimi na nyinyi hatujuani."

Ijumaa saa moja, wanaume saba waliovaa soksi tupu walikuwa wakishusha kochi kutoka ghorofa ya nne. Kufika ya pili likakwama kwenye kona.

"Inua upande wako," Fikri akanong'ona.

"Upande wangu ndio umeniinua mimi," akajibu Bishoi.

Mlango ukafunguka. Mama Shaimaa, jirani wa ghorofa hiyo, na gauni la kulalia, na mfuko wa taka mkononi. Mama Hanadi, aliyekuwa akiwafuata nyuma, akashika ukuta.

"Mnalipeleka wapi?" Mama Shaimaa akauliza.

"Hospitali," Bishoi akasema. "Linapumua vibaya."

Mama Shaimaa akaligonga kochi kwa kidole, akasikiliza. Akachungulia ngazi juu na chini, akashusha sauti.

"Mnafanya upya? Mimi ninayo seti kama hii, na Shaimaa anaolewa baada ya Ramadhani. Ijumaa ijayo mje kwangu. Ila mapema zaidi, yule wa ghorofa ya kwanza ana mdomo."

Kabla mwezi haujaisha karakana ilikuwa imejaa makochi ya kizamani mpaka mlangoni, na kila mama aliamini siri ni yake peke yake.

"Haji, wale wawili wa kupunguza..." Ragheb akaanza.

"Wawili gani? Una wazimu? Nitafutie mchongaji mwingine!"

Ragheb akatoka nje, akapumua mpaka vifungo vya shati vikalegea. Kisha akarudi kumgombeza Bishoi aliyekata kitambaa upogo. Wiki zote zile hakuwa na moyo wa kumgombeza mtu.