Mafuta ya Alizeti kwa Watoto wa Kibati

Usinicheke, rafiki. Juzi mkwe wangu alimletea mjukuu wangu mchezo wa mbao kutoka duka moja la hapa Goma: picha ya tembo iliyokatwa vipande, mutoto avipange mpaka tembo arudi mzima. Vipande vilikuwa vinang'aa. Kabla mutoto hajavigusa nilimnyang'anya, nikavinusa kimoja kimoja, nikauliza wamepaka nini. Mkwe wangu akasema ni mafuta tu, mama. Mafuta tu! Mutu anayesema hivyo hakulelewa na papa yangu.

Papa alikuwa menuzie, fundi wa mbao. Kazi yake ilikuwa milango, vitanda na machukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma yanayoteremsha makaa na kabichi mpaka mjini. Vita ilipowafukuza watu wa Kibumba mashambani mwao, wakajaa Kibati chini ya mahema, mwalimu wa parokia yetu alimuomba papa awatengenezee watoto wa kambini michezo. Papa akakusanya mabaki ya mbao za mti wa grevilea, akachora mbuzi, kabichi, hata volkeno yetu na moshi wake, akavikata vipande vya kupanga kwa msumeno mwembamba. Mimi ndiye binti yake wa kwanza, na kazi ya kupiga msasa ilikuwa yangu, mpaka kusibaki hata mwiba mmoja. Vumbi la grevilea liliingia puani, likaingia na kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, mama akinung'unika kila siku kwamba anapikia familia ya mchwa.

Msasa haukuwa shida. Shida ilikuwa mafuta. Mbao kavu inanyonya jasho na matope, halafu inapasuka, na mutoto mdogo kila kitu anakitia mdomoni. Sasa upake nini? Verni, ile ya kung'arisha mbao, papa alisema, ukiinusa tu kichwa kinauma, je, anayeilamba? Mafuta machafu ya gari, ambayo mafundi wengine walipaka milango ili wadudu wasiile, hakutaka hata kuyasikia. Mawese yaliacha mikono myekundu na kuita sisimizi. Mafuta ya msaada yaliuzwa sokoni, lakini papa aliuliza nani ameufungua ule mkebe, na ameongeza nini ndani. Mwishowe akachukua ya alizeti kwa jirani yetu, mama mmoja wa Butembo aliyeuza mafuta mlangoni pake. Hata hayo aliyapaka kwanza kwenye kipande kimoja, akakianika juani, akakinusa asubuhi na jioni. Yalikauka vizuri, yakatoa harufu ya mandazi. Papa bado alitikisa kichwa. Jirani ni mutu mzuri, alisema, lakini yeye naye aliyanunua kwa nani?

Usimuone mkorofi. Miaka ile mutu akiumwa tumbo, watu hawakuuliza amekula nini, waliuliza amekula kwa nani. Mwenye nyumba akikupa kinywaji, alionja mbele yako kwanza, ndipo akakupa kikombe. Mama yangu alifanya hivyo hata kwa dada yake wa tumbo moja. Na neno sumu likishabandikwa kwenye jina lako, wanakuja kuichoma nyumba yako mchana kweupe. Papa alilijua hilo vizuri sana. Alitaka wale watoto wacheze, na alitaka kurudi nyumbani na jina lake.

Tulipakia ile michezo kwenye chukudu, tukalisukuma kwa kupanda mpaka Kibati. Mwalimu akatukaribisha, akawaita watoto. Walikuja mbio, lakini mama zao wakawashika mashati. Wakaviokota vipande wao wenyewe, wakavigeuza, wakavinusa. Mama mmoja mwenye mutoto mgongoni alisugua vidole vyake pamoja, akauliza kimepakwa nini. Papa akajibu kwamba ni mafuta ya kula. Basi fikiria: kambi ina njaa, na mutu wa mjini anamwaga mafuta ya kula kwenye mbao. Nani angemuamini? Papa akaelewa. Akachukua kipande cha mbuzi, akakilamba pande zote mbele yao, kama mwenye nyumba anavyoonja pombe ya ndizi.

Yule mama hakutosheka. Alisema taratibu, bila ugomvi:

"Wewe ni mutu muzima, papa. Unaweza kuwa umekunywa dawa yako kabla ya kuja. Mupe mutoto wako alambe."

Papa aliniangalia. Akakiangalia kipande. Alitakiwa kunipa tu, na mkono wake haukusogea. Nilijua anamuwaza nani: yule jirani, na aliyemuuzia jirani, na aliyemuuzia huyo mwingine. Nafsi yake alikuwa tayari kuitoa, yangu hapana. Nikampokonya kile kipande, nikakinyonya. Kilikuwa na ladha ya mbao na alizeti, basi. Lakini ule mkono wa papa uliosita walikuwa wameshauona. Yule mama akakaza kitenge cha mgongoni akaondoka, na wengine wakamfuata, wakiwavuta watoto waliokuwa wanamlilia mbuzi. Mwalimu aliita na kuita. Hakurudi hata mmoja.

Tulirudi na mzigo wetu wote. Njia nzima papa aliniuliza tumbo linasemaje. Kando ya barabara palikuwa na mama anauza maziwa, na kwetu inasemwa kwamba maziwa yanaua sumu. Papa akanunua kikombe kimejaa, akanipa, akaniambia ninywe yote. Nilikishika. Mimi niliyekula kutoka mkononi mwake tangu kuzaliwa, bila kuangalia ni nini, nikamwambia:

"Papa, onja kwanza."

Akaonja. Akanirudishia kikombe. Hakunigombeza.

Sikuumwa. Mafuta yalikuwa safi kabisa, na jirani alikuwa mutu wa haki. Siku hizi pale papa alipofanyia kazi wanauza simu, na kule Kibati wanakuja wakimbizi wengine, wanaondoka, wanakuja wengine. Watu wakiniuliza vita ilituchukulia nini, wanangoja nitaje nyumba na mbuzi. Mimi ninawaza kile kikombe cha maziwa. Papa aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akanipa chai, mahindi ya kuchoma, ndizi, kila kitu ambacho baba anampa binti yake. Na kila kimoja alikionja kwanza mbele yangu, bila mimi kumuomba.