Mnara Aliounyoosha Fundi

Mume wangu alikuwa fundi seremala, na penseli yake ilikaa sikioni miaka arobaini, hata kanisani. Mahubiri yakirefuka, alitoa kijidaftari akachora: matao ya madirisha, ngazi za mimbari, bawaba za mlango mkubwa. Nilimfinya paja weee, hakuacha. Ila mnara wa kengele ndio alioupenda zaidi. Aliuchora, sisemi uongo, zaidi ya mara mia.

Mwaka mmoja wakaja wakaguzi wa majengo wakasema mnara umeinama, utabomolewa Jumatatu. Fundi akacheka.

"Watoto wa juzi hao! Nimeuchora kabla hawajazaliwa. Umesimama wima kama askari."

Lakini kicheko hakikufika mbali. Alitaka kuuchora mara ya mwisho, na macho yalishaingia ukungu. Karatasi aliiona kwa kuikaribia. Kilele cha mnara hakukiona hata kidogo.

Jumamosi asubuhi nikabeba kiti na begi lake la kazi, tukakaa ng'ambo ya barabara.

"Nisomee, mama watoto. Anzia chini."

Niliishia darasa la saba, lakini kwa kuhesabu hanishindi mtu. Nikamhesabia safu za mawe moja moja, naye akichora. Nilipofika dirisha la kengele nikaacha kuhesabu.

"Nini tena?"

"Baba, umeinama kweli."

"Umeinama wewe, na hicho kiuno chako!"

Nikatoa timazi begini, ule uzi wenye kipande cha risasi wa kupimia wima, nikauinua mpaka risasi ikatulia. Chini, ukuta ulifuatana na uzi. Juu, ulikuwa umeuvuka.

"Timazi yako ndiyo inasema, si mimi."

Ile timazi aliachiwa na baba yake. Hakuwahi kubishana nayo.

"Kumbe miaka yote nilikuwa naunyoosha," akasema polepole.

Angefanyaje? Mtu aliyeshinda maisha yake akinyoosha milango ya watu, kilichopinda mkono wake unakikataa.

Akafuta mistari yote ya juu. "Upande gani?"

"Kushoto."

"Kiasi gani?"

Nikaweka mkono wangu juu ya wake. "Kidogo. Ongeza. Hapo hapo."

Jumatatu wakaubomoa. Yeye naye hatunaye tena. Mchoro uko sebuleni kwangu, na kila mgeni akiuona huinuka aunyooshe. Huwa namwambia akae chini. Fremu haina kosa, niliipima mwenyewe kwa timazi.