Kipimo cha Upepo cha Kapolowe

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa hali ya hewa, tuliyemwita Chef, alinipandisha juu ya paa la ofisi yetu katika kiwanda cha shaba cha Shituru. Palikuwa na kipimo cha upepo: vikombe vitatu vikizunguka juu ya mlingoti, na waya ulioshuka mpaka kwenye saa ya mshale ndani. Kiwanda kilitaka kujua upepo unaupeleka moshi mbali kiasi gani.

"Masini ni shahidi," Chef akasema. "Na shahidi unamuuliza kwanza: weye ulisimama wapi?"

Alimaanisha kwamba karibu na ukuta au mti, upepo hufika kwenye vikombe umeshachoka, na mshale hudanganya hata kama mashine ni nzima.

Miaka ya tisini kazi ilikwisha mikononi mwetu. Wageni waliondoka baada ya askari kupora mji, karakana zikanyamaza, nami nikatumwa Kapolowe, kutunza kipimo cha klabu ya ziwani. Watu wachache walikuwa bado wanacheza planche, yaani ubao wenye tanga ambao mtu husimama juu yake na kusukumwa na upepo. Mkuu wangu alikuwa mwenyekiti wa klabu, Madame Présidente, mwalimu wa sekondari. Mshale ukizidi alama nyekundu, hakuna aliyeruhusiwa kuingia majini.

Jumapili moja, baada ya misa, alikuja daktari wa upasuaji, wa pekee aliyebaki mjini. Kesho yake alikuwa amfanyie mke wangu Véronique upasuaji wa uvimbe wa tumboni. Mshale ulionyesha upepo mdogo, akaingia majini na ubao wake.

Mimi nilitazama matete. Yalikuwa yamelala, na katikati ya ziwa maji yalikuwa meupe kwa povu. Nikapanda mlingoti, nikasukuma vikombe kwa kidole: vizito kama jiwe la kusagia. Mafuta ya mashine hayakupatikana tena mjini, mlinzi wa klabu alikuwa ametia mawese, nayo yameganda na vumbi.

"Lakini mushale unasema upepo kidogo," Madame Présidente akaniambia nilipomkimbilia.

"Ona matete, Madame."

Akaona. "Pandisha bendera nyekundu! Na ita bavuvi!"

Bendera ilichelewa, daktari alikuwa mbali, tanga limelala majini. Tukaenda kwa mtumbwi wa wavuvi, mawimbi yakitumwagikia, nami nikimwita Bikira Maria kwa sauti bila aibu. Tulimkuta amekumbatia ubao, meno yanagongana. Tulipomvuta ndani nikashika mikono yake, nikaigeuza.

"Papa Ilunga, unatafuta nini?"

"Bidole, Docteur. Mama Véronique anabihitaji kesho."

Akanyoosha vidole vyote kumi, akacheka mpaka akakohoa. "Biko byote."

Kesho yake nilikaa kwenye benchi la hospitali. Mlango ukafunguka, daktari akatoka akivua glavu.

"Bibi yako ameamuka. Anauliza kama ulikula."

Nililia pale pale, mbele ya watu.

Vile vikombe nilivisafisha kwa petroli, na tangu siku ile sikuusoma mshale kabla ya kutazama maji. Nilifanya hivyo mpaka nikastaafu.

Jana upepo wa kabla ya mvua ulitikisa mabati. Véronique akaniuliza, "Ni mukali?"

"Sijui," nikamjibu. Jinsi neno hilo lilivyo tamu, sasa kwa kuwa kuupima upepo si kazi yangu tena! Nikafunga dirisha, nikarudi kulala.