Auma Aongoza Waitaliano wa Keren

Auma hununua midoli Yide Lu, mtaa wa Kichina wa maduka ya jumla, kwa ajili ya duka lake la Kisumu, na mdomo wake haujui kupumzika. Jumapili hiyo, baada ya kubishana bei na Liang, mwenye duka, alichungulia nyuma ya maboksi akaona meza ya mchezo wa vita, yenye milima ya karatasi na askari wadogo wa plastiki.

"Laoban, bosi wangu, vita vya nani hivi?"

Aliyemjibu ni Haroun, mwanafunzi wa historia kutoka Mombasa, ambaye hucheza hapo na Liang kila wikendi. "Ni Keren, Eritrea, mwaka wa arobaini na moja. Mimi nawaongoza Waingereza na Wahindi. Lakini laoban anaumwa jino, Waitaliano hawana mkubwa."

"Nipe mimi!" Auma akavuta kiti.

"Hawa ni wa divisheni ya Savoia, mama. Iliundwa Addis Ababa baada ya Italia kuinyakua Ethiopia. Baadhi yao wakaletwa Keren kuziba korongo."

"Kumbe wezi! Babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza, alitoka Kenya kwenda kuwafukuza hao hao!"

Auma akacheka hadi machozi, akaapa kuwafanya Waitaliano wake washindwe upesi. Lakini dadu zilikuwa na yao. Akitupa, sita. Wahindi wa Haroun wakapanda. Sita tena, wakaporomoka.

"Mama, punguza basi!"

"Nipunguze nini, mwanangu? Mimi naomba moja!"

Aliomba moja, naam, lakini kila sita ilimpandisha mori. Mara kasimama, mara anapiga meza, mara anawaamrisha Waitaliano kwa Kijaluo. Wachuuzi wa maduka jirani wakajazana. Liang alisahau jino.

Hatimaye Auma akatupa moja. Haroun akapenya korongoni. Kigelegele kikapaa: Auma huyo, kamkumbatia Haroun, anawaangusha Waitaliano waliobaki kwa kidole, mmoja mmoja. Liang akauliza huyu mama anashangilia nini ilhali ameshindwa. Haroun alipomweleza kwa Kichina habari za yule babu, Liang akacheka huku ameshika shavu.

Auma akampigia kaka yake simu.

"Nimekuwa jenerali wa Waitaliano! Wamepigwa vibaya sana!"

"Umekunywa nini huko?"

Auma alitaka kujibu, kicheko kikamzidi, akakalia boksi la midoli likapasuka.