Skrapu ya Mkwe

Watiri hawezi kutulia. Tukikaa kunywa chai, yeye yuko wima, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili unagonga mguu wa benchi asikie ni chuma cha namna gani. Nimemwona hata kanisani, wenzake wamefumba macho, yeye anagusa bawaba za mlango. Nikamwambia, "Wewe hata mbinguni utakagua lango kabla ya kuingia." Akasema likiwa sawa, ataingia.

Mimi ni Ngatia, msimamizi wa tanuru katika kiwanda kidogo nje ya Kerugoya. Tunayeyusha vyuma chakavu na kutengeneza vyuma vya ujenzi. Watiri ndiye wa mlangoni. Hakuna kipande kinachonifikia kabla hajakigeuza, akakigonga, akakikwaruza kwa tupa. Alianza kazi hiyo akiwa mjane kijana, bintiye Wamucii mgongoni, na madereva wakamcheka. Siku hizi wakimwona anakuja, huzima injini wenyewe.

Adui yake mkubwa ni shaba. Rangi huungua na kutu hutoka na takataka nyingine, lakini shaba ikishaingia kwenye chuma haitoki. Ni kama chumvi kwenye mboga, ikizidi imezidi. Chuma chenye shaba nyingi hupasuka kikivutwa kingali chekundu, na kile kinachoficha nyufa zake ndicho kibaya zaidi, maana huenda kushikilia ghorofa ya mtu. Mashine ya kupima tunayo, tena nzuri, lakini inapima chuma ambacho tayari kimekuwa uji. Inakuambia umekosea, basi.

Sasa wiki hiyo akaja Mzee Mutahi wa Gakindu, na lori. Mutahi ni baba yake Mwai, kijana anayemwoa Wamucii, na Jumamosi wazee wao walikuwa waje kwa Watiri kuleta mbuzi wa mahari. Mtu kama huyo kwetu ni muthoni. Mbele yake unapunguza sauti, chakula chake hukikatai, na kupekua mzigo wake ni sawa na kumtia mkono mfukoni akiwa amevaa koti.

Lori lilijaa mashine kuukuu za kumenya kahawa, zimepakwa rangi ya kijani zikang'aa. Skrapu iliyopakwa rangi! Ningecheka, ila mzee mwenyewe alikuwa amevaa tai.

"Nimeona nisikuletee kitu chafu, Mama Wamucii."

"Asante sana, Baba Mwai. Karibu chai."

Watiri akapitisha sumaku juu juu, ikashika, akawaambia vijana washushe. Tupa haikutoka mfukoni. Niliuona uso wake nikajua leo kuna kazi.

Alimpeleka mgeni kantini, kisha akaja kwangu. "Ngatia, umeanza?"

"Bado."

Akaondoka. Akarudi. "Usiweke hizo za kijani kwanza."

"Basi niweke nini, mawe? Umesema ziko sawa ama haziko sawa?"

Akaenda hadi mlango wa kantini, akachungulia, akarudi tena, anasugua viganja kwenye aproni kama aliyeshika upupu. Mimi nilikuwa nimeudhika kabisa, tanuru limepata moto, linakula umeme bure. Lakini nilijua kinachomla. Kila aliyezaliwa kwenye kahawa anajua silinda ya mashine hizo huvikwa bati la shaba. Anajua pia kwamba watu huibandua wakaiuza kando, ndipo walete chuma. Chini ya shaba ni chuma, kwa hiyo sumaku itashika tu, shaba iwepo isiwepo. Dawa ni tupa. Na tupa ni kumwambia muthoni, sikuamini.

Winchi ikainua mzigo wa kwanza wa zile za kijani. Mlangoni alikuwa amezipitisha, nami nilichoka kungoja, nikaiashiria isogee.

"Shusha!" Watiri alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, akasimama mbele ya tanuru mikono juu. "Shusha chini!"

Nilimtolea maneno ambayo mchungaji wangu asingependa kuyasikia. Hakunitazama. Mzigo ulipotua alichomoa tupa akakwaruza silinda ya kwanza, na chini ya kijani ikatokea nyekundu ya shaba. Ya pili vile vile. Nilipogeuka, Mutahi alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe chake.

"Ni nini, Mama Wamucii? Kwani mimi ni mwizi?"

"Hapana, Baba Mwai. Hii shaba haikutolewa."

"Si nimeiacha! Huko kwetu kila mtu anatoa, anauza. Mimi nikasema hapana, naenda kwa muthoni. Mtu atapelekea muthoni mkungu wa ndizi na amekula zile zimeiva? Rangi nimepaka ndio wezi wa njiani wasijue."

Moyo uliniuma kwa ajili yake. Zawadi ya watu!

"Ikiingia hapo ndani inaharibu chuma yote," Watiri akasema. "Nyumba ya mtu itakuja kuanguka."

"Sasa mbona hukuangalia asubuhi?"

"Nilikuonea haya."

Mzee akaweka kikombe chini. Nikasema moyoni, harusi imekwisha. Watiri amemlea binti peke yake miaka yote hiyo, halafu amemvunjia ndoa kwa tupa, mbele ya vibarua.

Mutahi akalegeza tai, akaitisha nyundo na tindo.

Walibandua shaba alasiri nzima, muthoni kwa muthoni. Ikapakiwa yote kwenye lori. Langoni mzee akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani.

"Jumamosi tunakuja. Hizo mbuzi zetu zifungue mdomo, moja moja, uangalie meno. Ukinionea haya tena, narudi nazo nyumbani."

Watiri alicheka hadi akashika nguzo ya lango, kisha akalia, wazi wazi, mbele yetu sote.