Shikamoo ya Mjomba Shamte

Mjomba wangu Shamte alikuwa na ugonjwa mmoja: kupenda shikamoo. Kijiji chetu kizima cha Chilangala kilimwamkia, hata wa rika lake, eti kwa kuwa ukoo wetu ndio uliofyeka pori hili kwanza. Yeye hakumwamkia mtu. Nilimpenda, lakini loh, alinichosha!

Nurdini alipoleta posa yangu, mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Kwetu mtoto ni wa mjomba, na mume huhamia kwa mke akapewa shamba. Sasa ukoo wa Nurdini ulipanda huku mlimani kutoka Masasi ukikimbia vita vya Maji Maji.

"Mmefika juzi tu," mjomba akasema. "Ardhi yetu simpi mgeni."

Nililia mpaka mama akaninunia.

Nurdini akaenda Tendaguru, upande wa Lindi, kwenye kibarua cha Wadachi, yaani Wajerumani, cha kuchimba mifupa ya wanyama wa kale. Miezi saba baadaye alirudi, akaenda moja kwa moja barazani kwa mjomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akamwekea jiwe mkononi. Ndani yake mlikuwa na kombe la chaza lililogeuka jiwe. Mjomba aliwahi kupeleka nta Lindi, makombe aliyajua.

"Hili la baharini. Umeliokota pwani?"

"Nimelichimba kilimani, mzee, mwendo wa siku kadhaa kutoka pwani. Bahari ilikuwapo pale, ikaondoka. Tena jirani yake palikuwa na mfupa wa paja unaonizidi kimo!"

"Enzi za nani hizo?"

"Hebu wahesabu bibi zako."

Mjomba akahesabu kwa vidole: aliyemzaa mama yake, aliyemzaa huyo, na huyo tena. Kwa wa saba akakwama.

"Msimamizi wetu anasema ungehesabu mpaka masika ijayo, hulali huli, usingelifikia kombe hili."

Mjomba akaligeuza jiwe, akalinusa. Nilijua atalitupa. Kumbe mabega yanamtikisika kwa kicheko! Akaliweka juu ya kigoda chake mwenyewe, akainama mbele yake.

"Shikamoo," akasema.

Akasubiri. Kisha akamgeukia Nurdini huku anafuta machozi. "Mwenyeji hata haitikii. Stamili, mpwa wangu! Mletee mgeni mwenzangu maji anawe, kesho nikamwonyeshe shamba lake."

Maji tulikuwa tukiyapandisha kichwani kutoka bondeni, na tone halikumwagwa ovyo. Siku hiyo nilikimbia nayo, nikamwaga nusu ya kata ya maji, na hakuna aliyenigombeza.